Domenico Scarlatti: Mtumishi wa Malkia Mmoja, na Sonata Zilizohamia kwenye Piano



Katika kwaya zetu za hapa Kibirizi wamo vijana kadhaa wanaojifunza kupiga kinanda kwa bidii inayotufurahisha. Zamani walitegemea madaftari ya walimu wao na vivuli vilivyofifia. Siku hizi nota huwajia kwa simu, na pamoja na nyimbo za Misa huja kurasa za watunzi wa Ulaya wa karne ya 18. Jina mojawapo linalojitokeza mara kwa mara ni la Domenico Scarlatti. Tumeulizwa na zaidi ya mmoja kama yafaa kupiga sonata zake kwenye piano, au kwenye kinanda cha umeme kilichopo kanisani, ilhali zilitungwa kwa chombo kingine ambacho wengi wetu hatujapata kukiona. Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana, na hatuwezi kulijibu kabla ya kumfahamu mtu mwenyewe.

Domenico Scarlatti alizaliwa Napoli, kusini mwa Italia, tarehe 26 Oktoba 1685. Mwaka huohuo walizaliwa Ujerumani Johann Sebastian Bach na Georg Friedrich Handel, nao wawili hao wanafahamika hata kwa wanakwaya wetu. Domenico alikuwa mtoto wa sita kati ya kumi. Baba yake, Alessandro Scarlatti, alikuwa mtunzi mwenye sifa kubwa katika Italia yote, na sifa hiyo ikawa kwa mwanawe baraka na mzigo kwa pamoja. Kijana hakuwa na umri wa miaka 16 alipowekwa kuwa mpiga kinanda na mtunzi katika kikanisa cha kifalme cha Napoli, mahali ambapo baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa muziki.

Alessandro alimpenda mwanawe kwa namna ya wazazi wanaotaka kupanga kila hatua. Mwaka 1702 alikwenda naye Firenze, kwa mwana wa mfalme Ferdinando de' Medici, na mwaka 1705 akamwamuru kuondoka Napoli na kwenda Venezia kupitia Firenze, akiwa na barua ya kumtambulisha kwa Ferdinando huyohuyo. Katika barua hiyo alimfananisha na tai ambaye mabawa yake yamekwisha kukomaa. Tuikumbuke nyumba ya Ferdinando, maana humo alifanya kazi fundi mmoja mpole, Bartolomeo Cristofori, mtunzaji wa ala za muziki. Kufikia mwaka 1700 Cristofori alikuwa amekwisha kuunda chombo kipya ambacho nyuzi zake ziligongwa kwa nyundo ndogo. Hicho ndicho babu wa piano zote za leo. Kwa hiyo, piano haikuzaliwa baada ya Scarlatti, kama wengi wanavyodhani. Ilikuwa mle mle katika nyumba aliyoingia akiwa kijana.

Hata hivyo chombo kilichotawala wakati huo kilikuwa hapsikodi. Kwa macho yafanana na piano, lakini ndani mambo ni tofauti. Mpigaji akibonyeza, kijiti chenye ncha ya unyoya wa ndege huinuka na kuudonoa uzi, kisha hurudi chini. Kidole kikibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti hutoka ileile. Haidumu sana, hutoka kali na safi kama tone la mvua juu ya bati, kisha hufifia. Mpigaji hodari wa hapsikodi hakuwa na sauti kubwa wala ndogo ya kuchezea kwa kidole. Alikuwa na wakati tu: lini aiguse nota, aiachie lini, na angoje kiasi gani kabla ya ile inayofuata.

Kutoka Venezia Domenico alikwenda Roma, na tangu mwaka 1709 akamtumikia Maria Casimira, malkia mjane wa Poland aliyekuwa akiishi huko ugenini. Ni katika miaka hiyo ya Roma ambapo, kwa mujibu wa masimulizi ya kale, Kardinali Pietro Ottoboni alimshindanisha na Handel. Kwenye hapsikodi wasikilizaji hawakuafikiana nani ni bora, na wapo waliompa ushindi Mwitalia. Kwenye kinanda kikubwa cha filimbi Handel alishinda bila ubishi, na Scarlatti alikuwa wa kwanza kukiri hivyo. Inasimuliwa kwamba hata uzeeni, jina la Handel lilipotajwa mbele yake, alifanya ishara ya Msalaba kwa heshima. Kwa watu wa sanaa, ambao wivu huwaingia upesi kama sisi wengine, hilo si jambo dogo.

Mwishoni mwa mwaka 1714, baada ya kifo cha Tommaso Bai, Scarlatti aliwekwa kuwa mwalimu wa Cappella Giulia, kwaya ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Vatikani. Alikuwa na umri wa miaka 29. Hudhaniwa kwamba ni katika miaka hiyo alipotunga wimbo wake wa Mama wa Mateso aliyesimama chini ya Msalaba, kazi ya sauti kumi ambayo sauti zake hupandana na kushuka bila mojawapo kumezwa na nyingine. Angeishia hapo, Kanisa lingemkumbuka kama mwalimu mwema wa kwaya, na wapiga piano wasingekuwa na haja naye.

Lakini mkono wa baba ulikuwa bado juu yake. Tarehe 28 Januari 1717, akiwa na umri wa miaka 31 na akiongoza muziki katika kanisa maarufu kuliko yote, Domenico alihitaji hati ya kisheria ili atambulike kuwa mtu huru asiye chini ya mamlaka ya baba yake. Hati hiyo ilitolewa. Hatuambiwi waliagana kwa maneno gani, nasi hatutaki kumhukumu mzazi aliyempa mwanawe kila alichojua. Twaona tu kwamba muziki uliomfanya Domenico kuwa Domenico hauonekani kabla ya hati hiyo. Ulichelewa, na ulikuja mbali na nyumbani.

Mwaka 1719 aliacha kazi ya Vatikani, akaenda Lisbon kuongoza muziki wa kikanisa cha Mfalme João wa Tano wa Ureno. Mfalme huyo, akitajirishwa na dhahabu ya Brazil, alitaka ibada za Lisbon zifanane na za Roma. Wasomaji wetu wanaojua historia ya Pwani wamekwisha kukutana naye: ndiye aliyetawala Wareno walipoitwaa tena Mombasa na Ngome ya Yesu mwaka 1728, na walipofukuzwa mwaka uliofuata. Habari hizo za vita vyetu zilifika katika jumba lilelile ambamo Scarlatti alikuwa akimfundisha binti wa mfalme kupiga hapsikodi.

Binti huyo aliitwa Maria Bárbara. Alizaliwa Desemba 1711, kwa hiyo alikuwa hajatimiza miaka minane mwalimu alipofika. Hakuwa mwanafunzi wa kupoteza muda tu, kama watoto wengi wa majumba ya wafalme. Alikuwa na karama ya kweli, na mwalimu aliiona. Januari 1729 aliolewa na Fernando, mrithi wa kiti cha Hispania, akavuka mpaka. Scarlatti alimfuata: kwanza Seville, kisha, tangu mwaka 1733, Madrid. Alikuwa na mke kijana, Maria Caterina Gentili, aliyefunga naye ndoa Roma Mei 1728, yeye mwenyewe akiwa na miaka 42. Hakurudi tena kuishi Italia.

Tangu hapo mtu huyu karibu anatoweka machoni pa ulimwengu. Kwa miaka 28 katika Hispania hatumwoni akiongoza michezo ya kuimba katika majumba ya maonyesho, wala akizunguka miji kutafuta sifa. Sifa yote ilikwenda kwa Farinelli, mwimbaji aliyefika mwaka 1737 na ambaye sauti yake ilimtuliza Mfalme Felipe wa Tano katika ugonjwa wake wa huzuni, usiku baada ya usiku. Scarlatti alikaa katika vyumba vya ndani, akimpigia na kumfundisha mwanamke mmoja ambaye baadaye, mwaka 1746, alikuwa malkia. Na ni humo, kwa ajili ya masikio hayo machache, alipotunga sonata ambazo leo tunazihesabu 555.

Sonata yake ni kipande kifupi kisicho na maneno, kwa kawaida chenye sehemu mbili, kila sehemu ikirudiwa. Ndani ya kurasa mbili au tatu aliingiza dunia aliyoisikia: magitaa ya Hispania, ngoma za wachezaji, tarumbeta za wawindaji, kengele, na mara nyingine kilio cha mtu aliye peke yake. Mikono hupishana, wa kushoto ukiruka juu ya wa kulia. Nota hurudiwa upesi hadi mpigaji abadili vidole juu ya kibonyezo kimoja. Hupanga sauti zisizopatana kwa pamoja, kama mpiga gitaa anayezikwaruza nyuzi zote kwa mkupuo, hata waliozoea sheria za shule hushtuka.

Mwaka 1738 Mfalme João alimwingiza katika Shirika la Mtakatifu Yakobo, heshima kubwa ya waungwana, na kwa shukrani Scarlatti alimtolea kitabu cha sonata 30 kilichochapishwa London, akakiita kwa unyenyekevu Mazoezi. Alikuwa na miaka 53. Hicho ndicho kitabu kikubwa alichokisimamia mwenyewe. Mwaka uliofuata, Mei 1739, mke wake alifariki akimwachia watoto wadogo. Baadaye alimwoa Anastasia Ximenes, mwenyeji wa Cádiz, nao wakajaliwa watoto wanne.

Hatutaficha jambo lingine ambalo waliomfahamu walilisimulia: Scarlatti alinaswa na kamari, na malkia alilazimika kumlipia madeni yake. Wapo wanaosema kwamba ni kwa sababu hiyo sonata ziliandikwa, kama namna ya kulipa deni. Hilo ni dhana tu. Lakini habari ya kamari yenyewe haitupi shida kuiamini. Sisi tunaoishi ufukweni tunawajua wanaume wema, wenye mikono hodari katika nyavu, ambao fedha za dagaa za wiki nzima huishia katika vibanda vya kubeti kabla hazijamfikia mama wa nyumbani. Karama haimkingi mtu na udhaifu wake. Familia ya Scarlatti iliponea kwa huruma ya mwanafunzi wake.

Na huruma hiyo ilikuwa na matunda mengine. Kati ya mwaka 1752 na 1757, mwalimu akiwa mzee, ziliandaliwa kwa ajili ya malkia nakala nzuri za sonata hizo, kitabu baada ya kitabu, 13 kwa jumla, zaidi ya viwili vilivyotangulia mwaka 1742 na 1749. Seti nyingine ya vitabu 15 ipo leo Parma. Ya mkono wa Scarlatti mwenyewe haikubaki hata sonata moja. Yote tuliyo nayo tunayapata kwa kalamu za wanakili, watu waliokaa mezani na kuandika nota maelfu kwa maelfu. Tunaandika haya tukiwafikiria watunzi wa nyimbo zetu za Kanisa, ambao kazi zao zimelala katika karatasi moja tu, chini ya kitanda au katika kabati la sakristia ambamo mchwa wamekwisha kuingia. Kiongozi wa kwaya anayeketi jioni kunakili wimbo wa mwenzake marehemu anafanya kazi ambayo bila hiyo tusingekuwa na Scarlatti.

Sasa turudi kwenye swali la piano. Jibu la kwanza limo katika orodha ya mali za Maria Bárbara, iliyoandikwa alipofariki. Kati ya ala 12 za vibonyezo alizoziacha, tano zilikuwa piano zilizotengenezwa Firenze, za aina ile ya Cristofori. Mbili kati ya hizo tano zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi. Orodha hiyo yasema mengi. Malkia na mwalimu wake waliijua piano, waliigusa, na bado katika mambo fulani waliipendelea hapsikodi. Tena piano hizo zilikuwa na vibonyezo vichache, zisingeweza kubeba sonata za mwisho zinazotaka oktavu tano. Tukumbuke vilevile kwamba muziki wa kwanza kuchapishwa mahususi kwa piano, sonata za Lodovico Giustini za mwaka 1732, ulitolewa kwa heshima ya Dom António wa Ureno, ndugu wa Mfalme João na mwanafunzi mwingine wa Scarlatti. Hivyo anayesema kwamba piano ni chombo kigeni kabisa kwa muziki huu anasema kupita kiasi.

Hata hivyo piano ya leo si ile ya Firenze. Ina fremu ya chuma, nyuzi nene, nyundo zilizovikwa manyoya yaliyoshindiliwa, na kanyagio linaloacha sauti zote zielee pamoja. Ile mikwaruzo ya gitaa, ambayo kwenye hapsikodi huwaka na kuzimika mara moja, kwenye piano hugeuka ngurumo. Mpigaji wa piano hana budi kujinyima. Aiguse nota kwa wepesi, aliache kanyagio pale linapotia matope, na sehemu inaporudiwa asidhani kwamba lazima aifanye ndogo kama mwangwi, kwa sababu tu chombo chake chaweza. Kwa upande mwingine, zipo sonata za polepole, kama ile iliyo namba 87 katika hesabu ya leo, ambamo sauti nne hutembea pamoja kwa huzuni tulivu. Hapo piano huweza kuitofautisha sauti moja na nyingine kwa uzito wa kidole. Huo ni utajiri usiopatikana kwenye hapsikodi, na hatuoni kwa nini ukataliwe. Vladimir Horowitz alipozirekodi sonata kadhaa kwenye piano katika miaka ya 1960, watu wengi walimsikia Scarlatti kwa mara ya kwanza. Scott Ross, aliyezirekodi zote 555 katika miaka ya 1984 na 1985, alitumia ala za aina ya zamani. Tunawapendekeza wote wawili kwa anayejifunza, na kwa mpangilio huo wa nyuma: kwanza hapsikodi, ili sikio lijue kilichokusudiwa, kisha piano.

Onyo moja kuhusu kurasa zenyewe. Wanakili wa malkia hawakuandika alama za sauti kubwa na ndogo isipokuwa mara chache mno. Alessandro Longo, aliyezichapisha sonata hizi kwa wingi kuanzia mwaka 1906, aliongeza alama hizo kwa kufuata ladha ya piano ya siku zake, na mahali pengine alisahihisha zile sauti zisizopatana ambazo Scarlatti alizikusudia. Alifanya kazi kubwa, nasi tunamshukuru. Lakini kijana anayetii kila alama katika chapa ya zamani huenda anamtii Longo tu. Na kinanda cha umeme cha kanisani? Kingi kati ya hivyo kina oktavu tano, zinazotosha kwa sonata zilizo nyingi, na baadhi vina hata kitufe cha sauti ya hapsikodi. Kitumike kwa mazoezi bila hofu. Wakati wa Misa ni jambo jingine: sonata hizi zilitungwa kwa chumba cha malkia, isipokuwa chache zilizowekewa alama za kinanda cha filimbi, na tungependa zisikike kwenye tamasha la parokia kuliko wakati waamini wanapokwenda kukomunika.

Scarlatti mwenyewe hakusahau tofauti hiyo. Mzee na mgonjwa, asiyeweza kutoka nyumbani, alirudi kwenye muziki wa Kanisa. Misa yake ya sauti nne ilinakiliwa mwaka 1754 katika kitabu cha kwaya cha kikanisa cha kifalme cha Madrid, kwa mtindo wa kale aliojifunza Italia. Wakati huohuo alikuwa na mfuasi aliyevaa kanzu ya utawa: Padre Antonio Soler, aliyeingia monasteri ya El Escorial mwaka 1752, akajifunza kwake, na akaendelea kutunga sonata katikati ya ratiba ya sala na ualimu wa kwaya. Kazi inayotajwa kuwa ya mwisho ya Scarlatti ni Salamu Malkia, kwa sauti moja na ala za nyuzi. Baada ya miaka karibu arobaini ya kumtumikia malkia wa dunia hii, mwalimu alimwimbia yule wa mbinguni.

Alifariki Madrid tarehe 23 Julai 1757, akazikwa katika konventi ya Mtakatifu Norberto, ambayo leo haipo tena, na kaburi lake halijulikani. Maria Bárbara alikuwa amemwandika katika wosia wake, akimwachia pete na fedha, lakini mwalimu alitangulia. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 1758, akimwachia Farinelli ala zake bora na vitabu vya muziki. Farinelli alivichukua hadi Bologna, na mwaka 1835 vile 15 viliingia katika Maktaba ya Marciana mjini Venezia, viliko hadi sasa.

Mtaalamu Mmarekani Ralph Kirkpatrick, ambaye kitabu chake cha mwaka 1953 ndicho kilichozipa sonata namba zinazotumika leo, alikwenda Madrid kutafuta habari za maisha ya mtunzi. Pamoja na nyaraka za makanisa na za jumba la kifalme, alifungua pia kitabu cha namba za simu cha mji huo, akakuta jina la Scarlatti. Wenye jina walikuwa wazao wa Domenico, na walikuwa bado wamezihifadhi hati za familia.